Kutoka Kaniki Hadi Utumboni: Historia ya Rangi ya Daktari

Leo tunaeleza habari ya rangi ambayo daktari humwagia ndani ya utumbo mpana ili auone ugonjwa. Usishtuke. Rangi hiyo ni jamaa ya ile waliyoijua bibi zetu.

Zamani wanawake wengi wa pwani walivaa kaniki, nguo iliyotiwa nili. Nili ilitoka kwenye mmea. Wanakemia wa Ulaya waliichanganya na asidi, wakapata rangi iyeyukayo majini, iitwayo indigo karmini. Kisha mwaka 1876 Mjerumani Heinrich Caro alitengeneza rangi nyingine ya nguo, methilini bluu.

Hiyo ya pili haikuishia kwenye nguo. Mwaka 1891, mjini Berlin, daktari Paul Ehrlich na mwenzake waliwapa wagonjwa wawili wa malaria, nao wakapata nafuu. Mwaka 1904 Gustav Giemsa wa Hamburg aliboresha mchanganyiko wake wa kupaka kwenye damu. Hadi leo, mtoto wako akidungwa kidole ili apimwe malaria kwa darubini, tone lile hupakwa rangi ya Giemsa. Rangi ndiyo inayowafichua wadudu.

Je, utumboni iliingiaje? Ilingoja kifaa. Mwaka 1957, huko Marekani, Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Afrika Kusini, alitumia mrija unaopindika kutazama ndani ya tumbo. Mwaka 1969 William Wolff na Hiromi Shinya wa New York walipitisha mrija mrefu zaidi katika njia ya haja kubwa. Kipimo hicho huitwa kolonoskopi. Miaka ya 1970 madaktari wa Japani wakaongeza rangi. Indigo karmini hutuama katika mikunjo midogo, kama maji katika nyufa za sakafu. Methilini bluu hunyonywa na utumbo wenye afya. Sehemu iliyovimba hunyonya kidogo, ikabaki na mabaka.

Mwaka 2003 madaktari wa Mainz, Ujerumani, walitoa matokeo ya wagonjwa 165 wenye kolaitisi, yaani uvimbe wa utumbo wenye vidonda, wa miaka mingi. Kundi lililotiwa rangi lilionekana na mabadiliko 32 yanayoweza kuwa saratani. Kundi lisilotiwa, 10. Ukubwa wa uvimbe nao ulikadiriwa sawasawa kwa asilimia 89, dhidi ya 52.

Hapa kwetu Kenya, Hospitali ya Tenwek, Bomet, imetumia ayodini kwa namna hiyo katika njia ya chakula, kutafuta dalili za mwanzo za saratani. Siku hizi zipo pia kamera zenye mwanga maalumu zinazosaidia kazi hiyo.

Sasa mama wa Mambrui, hili lakuhusu nini? Damu katika choo cha mtoto isingojwe: mpeleke zahanati siku hiyo hiyo, na umnyweshe maji ya chumvi na sukari ya pakiti njiani. Mara nyingi ni maambukizi, hupona kwa dawa. Lakini mtoto au mtu mzima akihara damu wiki baada ya wiki, akikonda, na dawa za amiba zimerudiwa bila nafuu, usinunue tena dukani. Omba barua ya kwenda hospitali kubwa. Huenda akahitaji kolonoskopi.

Kumbuka haya:

Rangi haitibu. Inaonyesha tu mahali pa kukata kipande kidogo cha kupimwa.

Baada ya methilini bluu, mkojo au choo huweza kuwa na rangi ya samawati au kijani kwa muda mfupi. Si sumu.

Mwambie daktari mapema kama mgonjwa ana upungufu wa G6PD, hali iliyopo sana pwani yetu. Kwake methilini bluu huweza kuvunja chembe za damu.

Usimnyweshe mtu rangi yoyote nyumbani.

Msikilizaji, ugonjwa uliofichika hutibika ukionekana mapema. Usione haya kutaja habari za choo mbele ya daktari.