Sindano Mbili za Fundi wa Matandiko

Katika nchi yetu ya Kongo farasi ni mnyama wa kuonekana mara chache, kwa sababu mbung'o humwua upesi. Lakini Ulaya, kabla ya kuja motokari, farasi ndiye aliyekuwa miguu ya watu: alilima, alivuta magari, alichukua askari vitani na waganga kwa wagonjwa. Na farasi hafai kitu bila kazi ya ngozi: tandiko la kukalia, hatamu za kumwongozea, mikanda ya kumfunga garini. Leo tutazame habari za mtu mmoja aliyeshika kazi hiyo.

Thierry Hermès alizaliwa mwaka 1801 mjini Krefeld, karibu na mto Rhine. Siku zile mji huo ulikuwa chini ya Ufaransa. Baba yake alikuwa na nyumba ya wageni. Vita na magonjwa viliwaondoa jamaa zake, akabaki yatima. Basi akaenda Pont-Audemer, katika Normandie, mji wa watengenezaji wa ngozi, akajifunza ufundi.

Ufundi gani huo? Ngozi ya ng'ombe ililazwa mashimoni pamoja na maganda ya mwaloni miezi mingi, hata ikawa imara, isioze. Fundi huikata, huibana kwa koleo la mti katikati ya magoti, huitoboa kwa msharasi. Kisha hushika uzi mmoja wa kitani uliopakwa nta ya nyuki, wenye sindano mbili, moja kila ncha. Sindano zote mbili hupita katika tundu lile lile, moja toka kuume, moja toka kushoto. Uzi ukikatika upande mmoja, upande wa pili bado unashika. Cherehani haiwezi kushona hivyo. Wala si urembo tu: mkanda ukikatika mtelemkoni, watu huumia, mshono mbaya ukimsugua farasi, humtia kidonda, naye hawezi kazi tena.

Mwaka 1837 Hermès alifungua karakana yake Paris, akashona mikanda ya farasi wa magari. Katika maonyesho makubwa ya mwaka 1867 alipata nishani. Alikufa mwaka 1878. Miaka miwili baadaye mwanawe, Charles-Émile, alihamia njia ya Faubourg Saint-Honoré, akaongeza kazi ya matandiko.

Ndipo motokari ikaja. Mafundi wengi wa ngozi walikosa wateja, wakafunga milango. Mikono iliyozoea farasi ifanye nini sasa? Émile-Maurice, mjukuu wa Thierry, aliona kwamba msafiri wa motokari hahitaji hatamu, lakini ahitaji mfuko na sanduku. Sindano mbili zile zile zikashona mifuko. Lakini matandiko hayakuachwa: hata leo yanashonwa kwa mkono katika nyumba ile ile.

Mifuko hiyo sasa ni ya matajiri, wala si utajiri wao tunaousifu. Tunasifu kazi ya mkono iliyojifunzwa kwa saburi na kushonwa kwa haki, hata mahali pasipoonekana. Basi tukimwona kijana wetu ameketi na msharasi akishona viatu, tusimdharau. Wahenga walisema kweli: ujuzi hauzeeki.