Pare, pair, pear: maneno yanayotuponza kwenye barua za kazi

Niliwahi kuomba kazi chuo kimoja. Barua ikarudi, "Dear Principle" imezungushiwa wino mwekundu. Kumbe nimeiandikia kanuni badala ya mkuu wa chuo! Kazi ikaota mbawa. Tangu hapo nachunguza maneno ya Kiingereza yanayotamkwa sawa. Haya machache:

1. Principal / principle: La kwanza ni mkuu wa chuo, la pili ni kanuni. Yote yametokana na Kilatini "princeps", yaani wa kwanza.

2. Stationery / stationary: Lenye "e" ni karatasi, kalamu, bahasha. Lenye "a" ni kitu kilichosimama tu, hakisogei. Zamani Ulaya "stationer" alikuwa muuza vitabu mwenye duka la kudumu, siyo machinga wa kutembeza. Ndiyo maana yanafanana. Sasa bango la duka likisema "Stationary", maana yake duka halihami!

3. Pair / pear / pare: Jozi, peasi, kumenya. Asili zake Kilatini: "par" (sawa), "pirum" (peasi), "parare" (kuandaa). Milima yetu haimo humo, sisi tunasema Pa-re. Na Same ni Sa-me, mgeni asiwadanganye.

Angalizo: kompyuta ya kafe mara nyingi haipigi mstari mwekundu hapo, kwa sababu tahajia iko sawa, ila neno silo. Soma tena mwenyewe kabla hujatuma.

Mdau mwenye mengine ayamwage hapa.