Nyuzi za Nyatiti na Bei Zake

Mtu wa leo atakaye kununua ile filimbi ndogo waiitayo pikolo, ambayo urefu wake ni nusu ya filimbi kubwa ya okestra na sauti yake hupanda oktava moja juu zaidi, hutiwa katika mashaka baina ya ile ya plastiki, iliyo rahisi, na ile ya mpingo, iliyo ghali mno. Na ajabu yake ni kwamba mpingo huo wenyewe hukatwa katika misitu ya Kilwa na Lindi na kaskazini mwa Msumbiji, ukavuka bahari, kisha ukarejea, ikiwa utarejea, kwa thamani isiyofikiwa na mshahara wa mwalimu. Mas'ala hayo ya ala na mfuko si mageni katika ufuo wa Ghuba ya Winam, kwenye Ziwa Viktoria. Wazee wa Kijaluo waliyakabili kabla pikolo haijasikiwa Kisumu, na kwa rai yangu busara yao ilikuwa hii: kabla ya kuhesabu gharama ya chombo kizima, walitazama kipande gani kitakatika, na kingine kitapatikana wapi.

Filimbi yao iitwayo asili, pembe iitwayo tung', na baragumu la kibuyu liitwalo abu, vyote vilikuwa vya kukata na kutoboa, visivyomgharimu mtu ila kisu na subira. Ama nyatiti, hiyo ilikuwa na gharama. Ni kinubi cha nyuzi 8: bakuli la mti lililochongwa na kuwambwa ngozi ya ng'ombe, miti miwili inayochomoza humo, na wa tatu uliolazwa juu yake, ambao nyuzi hufungwa na kukazwa hapo. Mpigaji huketi juu ya kigoda kifupi, akakilaza chombo ubavuni, na katika kidole gumba cha mguu huvaa pete ya chuma, oduong'o, ambayo kwayo hugonga mti wa nyatiti; basi mtu mmoja huimba, hucharaza na kujipigia ngoma kwa wakati mmoja, na hana wa kugawana naye ujira. Nyuzi zenyewe zilikuwa kano za ng'ombe. Na kwa kuwa ng'ombe ndiye mali na ndiye mahari, hakuchinjwa ila kwa jambo kubwa, na jambo kubwa kupita yote lilikuwa matanga, ambako ndiko alikoitwa mpiga nyatiti kumsifu marehemu. Hivyo karamu ile ile iliyomlisha ndiyo iliyoweza kumpatia na uzi.

Reli ya kutoka Mombasa ilipofika ziwani mwezi wa Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence, ndipo Kisumu ya leo, kwa jina la mke wa mhandisi Ronald Preston, zilikuja pamoja nayo kodi ya kibanda, rupia, na maduka ya Wahindi, na polepole vitu vilivyokuwa vya kutafuta porini vikawa vya kununua kwa nakidi. Mwaka 1905 zililetwa katika ghuba nyavu za kutega zilizosokotwa kwa kitani, na katika miaka ya 1950 zikafuatwa na zile za nailoni, ambazo haziozi wala haziombi kuanikwa kila asubuhi. Wavuvi walishangilia, na ngege, samaki aliyekuwa kitoweo cha kila nyumba, akazidi kuadimika. Lakini dukani, kando ya ndoana na chelezo, kulikuwa na mshipi wa nailoni wa kila unene, na mpiga nyatiti akaona kwamba kano hulegea hewa ikiwa na unyevu ilhali mshipi haujali mvua. Tena ukikatika, utapata mwingine popote penye mitumbwi. Leo ni nadra kuona nyatiti yenye kano, na wale wanaosikitika kwamba sauti ya kale imepotea sidhani kama walipata kungoja ng'ombe achinjwe ili nyimbo ziendelee.

Kati ya ala zao za nyuzi, orutu ndiyo fukara zaidi, nayo naipenda kwa ufukara huo. Ina uzi mmoja tu, na mzinga wa mti uliowambwa ngozi ya kenge. Uta wake ni wa nyuzi za katani zilizopakwa utomvu ili zikwaruze, na uzi wenyewe aghalabu ni waya uliochomolewa katika breki ya baiskeli, kitu ambacho Kisumu, mji wa baiskeli, haijapata kukikosa.

Baada ya vita vya 1939–1945 askari walirejea na magitaa, na kodiani nayo, onanda kwa lugha ya Wajaluo, ikawa na enzi yake katika ngoma za vijijini. Enzi hiyo haikudumu kama ya gitaa, na mimi naona sababu moja ni kwamba ndimi za kodiani ni za chuma chembamba, zimefichwa nyuma ya mivukuto, na ulimi ukivunjika hapana mshipi wala waya wa breki utakaoshika mahali pake. Gitaa seremala huliunga kwa gundi. Ndipo ikazaliwa benga, ambamo gitaa hudonolewa upesi upesi kwa mtindo wa nyatiti na orutu, na Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa Shirati upande wa Tanganyika mwaka 1940 na kufariki kwa ajali ya gari Kisumu mwaka 2006, akaivumisha pamoja na bendi yake ya Shirati Jazz.

Siku hizi mtaala wa umilisi umewafundisha wazazi wa Kisumu jina jipya, rekoda, filimbi ya plastiki ambayo mtoto wa gredi ya nne hutakiwa kuwa nayo, nao huilalamikia bei hata ikiwa ndogo. Mzazi aliye dukani na aizibe matundu yote kwa vidole, apulize taratibu sauti ya chini kabisa, kisha aitenganishe na kuiunganisha tena. Ikiwa sauti hiyo yatoka bila kupasuka na viungo havipitishi hewa, ailipie, na ikiwa sivyo, airudishe rafuni hata kama muuzaji amepunguza.