Vega: urithi wa akina mama na bata wa bahari

Tukitaja urithi wa dunia, sisi Wakongo tunafikiri mara moja pori na nyama: Virunga, Garamba, Kahuzi-Biega, Salonga, Okapi. Zote tano UNESCO iliziandika kwa ajili ya maumbile yake. Lakini huko Norwe kuna komini ndogo ya pwani, Vega, ambayo visiwa vyake viliandikwa mwaka 2004 kwa sababu ya kazi ya watu. Ni kazi gani hiyo?

Vega iko katika jimbo la Nordland, kaskazini kabisa mwa Ulaya. Kisiwa kikubwa kina milima na mashamba. Kando yake bahari imejaa visiwa vidogo na miamba yapata 6500. Wakaaji wa komini nzima ni kama 1200 tu.

Udongo wa kule ni haba. Wanaume walienda kuvua samaki mbali. Akina mama walibaki wakitunza ng'ombe, kondoo na bata wa bahari anayeitwa eider. Huyu si ndege wa kufugwa. Anatoka baharini mwenyewe kila mwaka, baridi ikipungua, kuja kutaga. Basi akina mama walimjengea vijumba vya mawe na mbao, wakamtandikia majani makavu ya bahari, wakafukuza kunguru. Wakati wa kuatamia hakuna kelele, hata watoto walikatazwa kukimbia. Jike hujinyonyoa manyoya laini ya kifua ili mayai yapate joto. Vifaranga wakiisha kwenda majini, ndipo mama waliokota yale manyoya, wakayasafisha, wakauza. Blanketi moja inaomba viota kama 60. Biashara hiyo ilijulikana tangu karne ya 9.

Kiisha, katika karne ya 20, serikali ilitoa pesa ili familia za visiwa vya nje zihamie penye shule na umeme. Watu walipotoka, bata nao walipungua. Kumbe ndege alikuja kwa sababu mtu alimlinda! Leo familia chache zinarudi visiwani kila msimu kuwangojea.

Na kwetu? Wazee wanaokaa kandokando ya hifadhi wanajua kila mti na kila nyama kwa jina lake, wanajua pia miiko iliyowalinda. Ujuzi huo umeandikwa wapi? Tuwaulize wangali hai, tuandike, tufundishe watoto.