Aliyekufa Vitani: Daftari na Ukoo

Eastlands ya Nairobi haikosi alama za vita. Kariokor ina jina la kikosi cha wapagazi (Carrier Corps) wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Soko la Burma linakumbusha nchi ambako askari wa King's African Rifles (KAR) walipambana na Wajapani mwaka 1944. Anayemtafuta babu asiyerudi hukuta jadi mbili za kuwatunza wafu: daftari na ukoo.

Daftari ni jadi ya Waingereza. Tume yao ya makaburi ya vita, iliyoundwa mwaka 1917, iliahidi kumtaja kila marehemu kwa jina, bila kujali cheo wala dini. Kwa askari wa Vita vya Pili, ahadi hiyo inasaidia: tovuti ya Tume hutoa namba ya askari, kikosi, tarehe ya kufa na ukuta lilipochongwa jina. Askari wa Afrika Mashariki waliozama na meli ya Khedive Ismail, tarehe 12 Februari 1944, wanatajwa kwenye makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong. Wapagazi wengi wa Vita vya Kwanza hawakupata heshima hiyo. Sanamu tatu za shaba za Kenyatta Avenue hazina jina la yeyote. Mwaka 2021 Tume yenyewe ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakutajwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Ukoo haukungoja Tume. Kwa Wajaluo, maiti isipopatikana, tunda la mwegea, yago, refu na zito, huzikwa bomani kwa niaba ya marehemu, naye akaombolezwa kama aliyelala pale. Kwa Wagikuyu, wana wawili wa kwanza hupewa majina ya babu zao, na wanaofuata ya ndugu za baba na za mama. Kijana aliyekufa vitani bila mtoto huendelea kuitwa kila siku nyumbani kwa kaka yake.

Daftari linajua alikofia, halijui pengo aliloacha. Ukoo unalijua pengo, tarehe umeipoteza. Kwa hiyo utafutaji uanzie kwa nyanya: fulani alirithi jina la nani? Nani alizikiwa yago? Kwa Wagikuyu, marehemu alikuwa wa rika gani la tohara? Rika husaidia kukadiria mwaka aliotahiriwa. Ndipo uende kwenye tovuti, ukijaribu jina kwa tahajia nyingi, maana karani aliandika alivyosikia, R ikawa L.

Nyanya hao wanatutoka, na wajukuu wa mitaani wanaongea Sheng bila kujua jina lao lilitoka kwa nani. Kwa wapagazi wengi, ambao hawana ukuta wowote, ushahidi wa familia huenda ndio daftari pekee lililobaki. Uandikwe sasa, kisha Tume idaiwe kuyachonga majina hayo kama ilivyoahidi.