Bibi ya Mkubwa Alitupea Hospitali. Tudai Nini Sasa?

Wasee wa Eastlando, wengi wetu tulizaliwa chini ya kivuli cha bibi ya mkubwa fulani. Si utani. Skizeni.

Pumwani ilianza 1926, ikibeba jina la Lady Grigg, bibi ya Gavana Edward Grigg. Huyo mama alijali akina mama na watoto wachanga, na Waafrika wakafunzwa ukunga huko. Kazi safi. Lakini serikali ya bwanake ndiyo ilikuwa inawatoza wazee wetu kodi na kuwavisha kipande shingoni. Watoto wakifa, vibarua wa kesho wanapungua. Huruma ya serikali ilikuwa na hesabu ndani.

Akaja Lucy Kibaki, mwalimu. Wengi wanamkumbuka kwa ile usiku ya Mei 2005 alipoingia ofisi za Nation kufokea waandishi. Lakini uliza mathe yeyote wa Kayole ama Komarock, "Mama Lucy" ni hospitali. Ilijengwa kwa msaada wa China, na ikaokoa watu safari ya usiku hadi Pumwani ama Kenyatta, uchungu ukiwa umeshika.

Januari 2014, Margaret Kenyatta akazindua Beyond Zero. Aprili akakimbia marathoni ya London, kilomita 42, kuchangisha pesa za kliniki za magari. Heshima kwake. Ila mwaka uliotangulia, Juni 2013, serikali ilikuwa imefanya kujifungua kuwe bure kwa hospitali za umma. Hiyo haikuhitaji mtu akimbie. Ilihitaji bajeti.

Hapo ndipo nataka tufike. Bibi ya rais hapigiwi kura. Hana wizara. Akikupea, unasema asante. Asipokupea, utamshtaki wapi? Zawadi haidaiwi.

Lakini Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inasema afya ni haki yako, hata afya ya uzazi, na mgonjwa wa dharura hafukuzwi. Haki inadaiwa. Tangu ugatuzi wa 2013, Pumwani na Mama Lucy ziko chini ya Kaunti ya Nairobi. Tunajua mlango wa kubisha.

Kwa hivyo asante, Mama Lucy, pumzika salama. Na wewe MCA wetu, ukikuja kuomba kura, utuambie: kwa bajeti ya mwaka huu, wodi ya wazazi imepata ngapi?