Vitufe vinane na lugha yetu: kwa nini "sasa" iligeuka "xaxa"

SEHEMU YA 4: Vifaa vya kazi tulivyovizoea

Sehemu iliyopita tulimalizia kwenye mizani ya kupimia watoto. Leo ni zamu ya kitochi, wengine mnakiita kiswaswadu. Huku Kitandililo bado kipo mifukoni, hasa kwa wazee na kwa mama anayekwenda shamba siku nzima na hana pa kuchaji. Kwa sisi wauguzi kimebeba habari nyingi kuliko rejista. Namba za wajawazito zimo humo, rufaa za usiku zilipita humo.

Vijana wa sasa wanacheka wakiona meseji za zamani. "Xaxa", "cjui", "wa2". Wanasema ule ulikuwa uvivu wa kuandika au ujinga wa lugha. Hapana. Zile meseji zilikuwa na hesabu, na leo nataka tuifanye hiyo hesabu pamoja, maana hadi leo inatugusa sisi wa afya.

Tuanze mbali kidogo. Meseji ya kwanza duniani ilitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992. Kijana mmoja, Neil Papworth, aliituma kumtakia mkubwa mmoja wa Vodafone heri ya Krismasi. Aliiandika kwenye kompyuta, kwa sababu simu za wakati ule hazikuwa na namna ya kuandikia. Kiwango cha herufi 160 kilikuwa kimeshapendekezwa miaka ya 1980 na Mjerumani Friedhelm Hillebrand, aliyehesabu urefu wa sentensi za kawaida akaona 160 zinatosha.

Sasa vitufe. Herufi zilikaa kwenye simu za mezani Marekani miaka mingi kabla ya meseji, kwa ajili ya kukumbuka majina ya vituo vya simu. Simu ya kubonyeza ilianza kuuzwa huko mwaka 1963. Herufi Q na Z hazikuwepo kwenye simu hizo, hazikuwa na kazi kubwa. Kitufe cha 7 kilikuwa na P, R, S tu. Baadaye Q ikaingizwa kwenye 7 na Z kwenye 9, na mpangilio huo ndio uliokuja kwetu kwenye simu za mkononi, iwe kitochi cha Nokia 1100 cha mwaka 2003 chenye tochi kichwani, iwe simu ya kukunja kama Motorola Razr ya mwaka 2004. Umbo tofauti, vitufe vilevile: herufi zote zimebanana kwenye vitufe vinane, kuanzia 2 mpaka 9.

Hapo ndipo Kiswahili kilipolipishwa. Q hatuitumii kabisa. Lakini kwa kuwa imekaa mbele ya R na S, S ikasukumwa hadi nafasi ya nne. Ukitaka S, bonyeza 7 mara nne. Na Kiswahili bila S utasema nini? Sasa, sisi, sana, salama, asante, basi.

Hesabu. "Sasa": S mara nne, A mara moja, S mara nne tena, A mara moja. Jumla mibonyezo 10. Sasa angalia X. Nayo hatuitumii, ila imekaa nafasi ya pili kwenye kitufe cha 9. "Xaxa" ni mibonyezo 6. Umeokoa minne kwenye neno la herufi nne! Herufi iliyokuwa haina kazi ikapewa kazi.

C nayo ikaajiriwa. Kiswahili sanifu hakina C inayosimama peke yake, lazima ishikane na H. Kwa hiyo C ikageuka "si". "Sijui" ni mibonyezo 13, "cjui" ni 9, na nafasi moja imebaki kwenye zile 160. Kwa mtu aliyekuwa akihesabu vocha, nafasi ni pesa. Meseji ikivuka kipimo inakuwa meseji mbili, unakatwa mara mbili.

Kulikuwa na usumbufu mwingine: kusubiri. Herufi mbili zinazofuatana zikiwa kwenye kitufe kimoja, lazima utulie kidogo kabla ya kubonyeza ya pili. "Mama" ni mibonyezo 4, inateleza tu. "Baba" yote iko kwenye kitufe cha 2: mibonyezo 6 na kusubiri mara tatu. Na "tu"? T na U zote zipo kwenye 8, kwa hiyo unasubiri. Ila ukishikilia kitufe cha 2, tarakimu inatoka yenyewe. Ndiyo maana watu wakawa "wa2", kitu kikawa "ki2".

Mtasema mbona kulikuwa na ile kamusi ya simu, ya kubonyeza mara moja kwa kila herufi halafu simu inakisia? Ndiyo, T9, kazi ya kampuni ya Tegic ya Marekani. Wazo zuri, lakini maneno yetu yanagongana. "Pona" ni 7662. "Soma" nayo ni 7662. "Maji" na "mali" zote 6254. "Kaka" na "lala" zote 5252. Na kama kamusi iliyomo ni ya Kiingereza, ndiyo kabisa, itakuchagulia neno la wenyewe. Wengi niliowaona waliizima wakarudi kubonyeza mara tatu, mara nne.

Sasa tuje kazini. Mwaka 2009 hadi 2010 nchi yetu ilifanya majaribio yaliyoitwa SMS for Life, Wizara ya Afya na washirika, kwenye vituo 129 vya Lindi Vijijini, Kigoma Vijijini na Ulanga. Kila wiki mhudumu alituma kwa simu yake mwenyewe hesabu ya dawa ya malaria iliyobaki, kwa alama fupi zilizokubaliwa na tarakimu. Ndani ya wiki 21, vituo vilivyokosa angalau aina moja ya dawa hizo vilishuka kutoka asilimia 78 hadi 26. Kitochi kilekile! Kilichosaidia ni kwamba wilayani walijua ile dawa iko wapi na wapi haipo, na kila alama ilikuwa na maana moja tu.

Na mwaka 2012 ikaja Wazazi Nipendeni. Mama alituma neno MTOTO kwenda 15001, akapokea ushauri wa ujauzito bure. Jaribuni kwenye kitochi: M iko 6, T iko 8, O iko 6. Neno zima ni vitufe viwili vinavyopokezana, mibonyezo 9, hakuna kusubiri.

Linganisha sasa na ufupisho wetu wa mtaani. Mtu anaandika: "mpe vidonge 2". Ni vidonge viwili, au vidonge tu, bila sindano? Aliyezoea "wa2" na "ki2" anaweza kusoma vyovyote. Au anaandika "ana homa" akiwa ameruka H ya "hana", maana H nayo ni mibonyezo miwili na wengine hata mdomoni hawaitamki. Herufi moja, mgonjwa wawili tofauti. Kwa rafiki, "xaxa" haina madhara. Kwa dozi, ufupisho ambao hatujakubaliana ni hatari.

Kwa hiyo, wenzangu wa zahanati, mambo matatu ambayo kitochi kimetufundisha.

Moja, dozi iandike kwa tarakimu NA kwa neno: "vidonge 2 (viwili)". Mibonyezo ya ziada haijawahi kumuumiza mgonjwa.

Mbili, simu ya huku mara nyingi ni ya nyumba nzima. Mtoto anamsomea bibi, mume anasoma ya mke. Mkoa wetu ulipimwa mwaka 2016 na 2017 ukaonekana na maambukizi ya VVU asilimia 11.4 kwa watu wazima, juu kuliko mikoa yote. Meseji ya kumkumbusha mtu tarehe isitaje kliniki gani wala dawa gani. "Naomba tuonane Jumanne" inatosha, yeye anajua.

Tatu, ukiwa na simu janja unamwandikia mwenye kitochi, acha vikatuni vya kucheka na maua. Ukiweka hata kimoja, kipimo cha meseji kinashuka kutoka herufi 160 hadi 70, na kwake kinaweza kutokea kiboksi tu. Umeandika vizuri, umekatwa zaidi, na bibi anamuuliza mjukuu hiki kiboksi ndiyo jina la dawa?

Wenye vitochi vya zamani msivitupe, na meseji zilizomo msizifute. Hiyo ni historia ya kwetu, watu walikopeshana herufi zisizokuwa na kazi ili salamu ifike.

Sehemu ya 5: rejista ya karatasi, na kwa nini kalamu nyekundu haikuwa ya mapambo. Tukutane Alhamisi.